Kuvua nduwaro na boti ndogo hapa Malindi: anza hivi

Kila kaskazi ikikaribia maswali ni yale yale. Boti yangu ni ya futi 23, injini moja, naweza kufuata nduwaro? Nitumie mshipi wa ngapi? Alafu nikimshika nimfanye nini? Mmoja nikimjibu nasahau kitu, wa pili nikimjibu nasahau kingine, kwa hivo nimeyaweka yote hapa. Soma mpaka mwisho ndio uulize.

Jibu fupi ni kwamba unaweza. Watu wanawapata na boti za faiba za kawaida kabisa. Lakini kabla hujanunua hata ndoana moja shika hili: kwenye boti ndogo nduwaro hachoshwi na aliyeshika rodi, anachoshwa na aliyeshika usukani. Sasa huku kwetu kila mtu anataka rodi apigwe picha, usukani anaachiwa kijana aliyeanza bahari juzi. Geuza hiyo. Yule mnayemwamini kuliko wote ndio akae kwenye injini, na rodi ashike yeyote mwenye mgongo mzima na masikio ya kusikia anachoambiwa.

Nikisema nduwaro nina maana wale samaki watatu wakubwa wenye mdomo kama mkuki (marlin), mweusi, wa buluu na wa mistari. Sulisuli ni yule mwenye tanga kubwa mgongoni, huyo ni mdogo, huku kwetu wengi ni kilo 20 na kitu mpaka 30 na kitu. Ushauri wangu, na najua wengi hamtaufuata, msimu wa kwanza fuateni sulisuli. Kazi ni ile ile, kutafuta ni kule kule, ila ukikosea na sulisuli unapoteza samaki, ukikosea na nduwaro wa kilo 200 unaweza kupoteza kidole au mtu. Wa mistari ndio hatua ya pili, wengi wako chini ya kilo 100. Mweusi na wa buluu jike wanapita kilo 300 na zaidi, na hao hawachagui boti ya kupiga, kwa hivo hata ukitoka kwa ajili ya sulisuli toka umejiandaa.

Msimu na mahali

Kusi ikishavuma, Aprili kwenda mpaka Agosti hivi, nje ya mwamba si pa boti ya futi 20 na kitu, tengeneza injini na upake rangi. Bahari inaanza kulala maleleji ya Oktoba na Novemba na hapo sulisuli wanaanza kuonekana wengi. Kaskazi yenyewe, Desemba mpaka Machi, ndio wakati wetu, na wa mistari utawakuta zaidi kuanzia Januari.

Mahali: watu wakisikia North Kenya Banks, ile miinuko ya chini ya bahari mbali huko nje, wanataka kwenda huko. Huko ni kwa boti kubwa zenye injini mbili, na wengi wanalala huko huko. Wewe huna haja. Angalia chati utaona kaskazini, kuanzia Sabaki kwenda Ghuba ya Ungwana na Ngomeni, maji mafupi yanaenda mbali sana kabla ya kilindi, lakini ukishuka kusini kuelekea Watamu kilindi kinasogea karibu na nchi. Boti ndogo inayotoka Malindi ikielekea kusini mashariki inafika kwenye poromoko, pale chini panapoporomoka kutoka mita 100 mpaka 200, bila kumaliza mafuta. Hapo ndipo uanze.

Wakati wa kaskazi mkondo unaoshuka kutoka Somalia unakutana na ule unaopanda kutoka kusini, ikikutana inapinda kwenda nje, maji ya baridi yenye chakula yanapanda juu, dagaa wanafuata, jodari wanafuata dagaa, na nduwaro anamfuata jodari. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufikiria kutoka

Boti ya futi 20 kwenda juu, yenye ubavu wa kutosha. Injini moja nzuri na ya pili ndogo ya akiba, hata ya nguvu farasi 15, ilimradi inawaka. Watu watatu: nahodha, wa rodi, wa lidari (lidari ni kile kipande kinene cha mwisho wa mshipi kinachoshika ndoana). Wawili ni wachache, watano mnakanyagana.

Rodi mbili nzito za mshipi wa ratili 50, kama una hela ya 80 sawa, na moja ya 30 kwa sulisuli. Rili iwe ya dragi (breki ya rili) ya mkono inayosukumwa mbele, ibebe mita 600 za mshipi au zaidi. Mshipi wa nailoni, usianze na ule wa kusuka, unakata mikono na hausamehe. Lidari ya nailoni nene, ratili 300 mpaka 400, mita 4 au 5. Vibomba vya krimpu, vile vya chuma vya kubana lidari, na koleo lake. Swivo (viungo vinavyozunguka ili mshipi usisokotane) nzito zenye bearing, na hizi usinunue zile za rahisi. Ndoana duara za 9/0 mpaka 12/0, zilizonyooka, si zile zilizopinda pembeni, hizo ni za chambo, na ndoana za kawaida kwa pweza wa plastiki. Pweza wa plastiki wenye kichwa, wachache tu, wa urefu wa shibiri moja hivi, rangi moja ya giza na moja ya kung'aa. Watu wanatumia hela nyingi kwenye rangi kuliko kwenye swivo, alafu samaki anaenda na rangi zote.

Mkanda wa kiunoni wa kusimamishia rodi. Glavu ngumu pea mbili. Kisu kikali kila upande wa boti, kimefungwa mahali ambapo mkono unakifikia gizani, na nyongeza ya plaizi ya kukata waya. Gafu (ndoana kubwa yenye mpini) kama mnataka kuchukua samaki mwingine wa kula njiani, nguru au felusi.

Alafu vile vya kurudi nyumbani: jaketi okozi kwa kila mtu na zivaliwe, redio ya VHF kwenye chaneli 16, simu kwenye mfuko usioingia maji, GPS yenye alama ya mlango wa kutokea kwenye mwamba, tochi, fataki za dharura, makasia, nanga na kamba ndefu, maji ya kunywa ya siku mbili hata kama mnatoka asubuhi moja, upo wa kufulia ngama hata kama una pampu. Pampu inakufa siku ile ile betri inakufa.

Hatua kwa hatua

1. Maliza karatasi kwanza. Boti iwe imeandikishwa na imekaguliwa, leseni ya uvuvi iwe hai, na uende ofisi ya uvuvi na BMU (Beach Management Unit, umoja wa kusimamia ufuo) ya bandari yako wakujue. BMU si adui, hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza mbona boti ya fulani haijarudi. Na ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, hakuna kuvua kabisa. Ukipita hapo mishipi yote iwe ndani ya boti, rodi zimelazwa. Usiseme ulikuwa unapita tu wakati pweza wako anaruka nyuma.

2. Hesabu mafuta kwa theluthi. Theluthi ya kwenda na kuvua, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe. Injini ya 40 ya mafuta mchanganyiko ikipigwa moto wote inaweza kunywa lita 15 mpaka 20 kwa saa, sasa piga hesabu mwenyewe. Ukirambaza, yaani kuvuta mishipi nyuma ya boti, polepole inakunywa kidogo, lakini nduwaro mmoja akikupeleka nje kwa muda wa saa tatu, kurudi kunakuwa kurefu kuliko ulivyopanga. Oili changanya kama kitabu cha injini kinavyosema, mara nyingi 50 kwa 1, usikisie kwa macho. Chuja mafuta, madumu yetu yana maji na mchanga.

3. Funga lidari nyumbani. Boti inacheza, mikono ina mafuta, huwezi kubana krimpu vizuri huko. Pitisha lidari kwenye kibomba, kwenye jicho la ndoana, rudisha kwenye kibomba, acha kitanzi kidogo chenye mpira wa kukinga, bana katikati lakini usibane miisho kabisa manake ncha ya kibomba itakata nailoni. Ukimaliza, funga ndoana kwenye nguzo, vuta kwa uzito wako wote. Ikiteleza hapo ingeteleza kule. Usitumie waya. Waya ni wa nguru, nduwaro hana meno ya kukata, mdomo wake ni kama msasa, anasugua, kwa hivo unene wa nailoni ndio kinga yako na kila baada ya samaki pitisha vidole, ukihisi mikwaruzo kata utupe.

4. Pima dragi kwa mizani. Hili watu wanalikimbia. Chukua mizani ya kuning'iniza, funga mshipi, vuta mpaka rili ianze kutoa. Kwa mshipi wa 50 iwe kama kilo 7 pale kwenye alama ya kupiga (pale mkono wa dragi unapokaa samaki anapopiga), yaani theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa 80 kama kilo 12. Weka alama ya rangi kwenye rili ili mtu asiguse. Na jua hili: mshipi ukishatoka nusu, gurudumu la rili limekuwa dogo na dragi ile ile inakuwa nzito yenyewe, juu yake unaongeza uzito wa maji yanayokokota mshipi. Kwa hivo samaki anapokimbia mbali unapunguza dragi. Silika ya kila mtu ni kukaza, na hapo ndipo tunaposikia pa!

5. Usiku uliotangulia angalia upepo na maji. Utabiri wa idara ya hali ya hewa, na programu ya upepo kwenye simu, vyote viwili, vikipingana amini kile kibaya. Kaskazi mara nyingi asubuhi inakuwa pole na mchana inakaza, basi panga kuwa umegeuza omo (mbele ya boti) kurudi nyumbani saa sita au saa saba mchana. Maji ya bamvua yakiwa yanakupwa kwa nguvu na upepo unavuma dhidi yake, mlangoni panasimama mawimbi mafupi yenye ncha, boti ya futi 23 inaingiza maji hapo kuliko huko nje. Mwambie mtu wa nchi kavu mnaelekea upande gani na saa ya kurudi, na mkikubaliana saa ndio saa.

6. Toka alfajiri, vua chambo njiani. Saa kumi na moja muwe mmepakia. Ukishatoka mlangoni tupa manyoya madogo (chambo bandia cha manyoya) mshike sehewa au vijodari vidogo, kama mnataka chambo hai. Chuchunge wa barafu nao ni chambo kizuri sana kwa sulisuli na wa mistari, ila lazima wawe wamefungwa mdomo vizuri waogelee wamenyooka. Chuchunge anayezunguka kama feni haliwi na samaki yeyote, na anakusokota mshipi mzima.

7. Tafuta, usizunguke tu. Unatafuta mpaka wa maji. Sabaki ikimwaga maji mekundu baada ya mvua za bara, yale maji yanakwenda nje yakisimama kama ukuta na kilindi cha buluu, unaona kwa macho mstari kabisa, povu, majani, vijiti, saa zingine gogo zima. Sulisuli wanakaa pale upande wa buluu. Rambaza sambamba na mstari, si kuukata kata. Gogo likipita usiliache, zunguka mara mbili. Membe, wale ndege wa bahari, wakikusanyika na kushuka, nenda, lakini usiendeshe boti katikati yao, pita pembeni mishipi ndio ipite karibu. Jodari wakiruka, hivo hivo. Kama hakuna dalili yoyote, fuata poromoko kwa GPS kwa mwendo wa zigzaga, mita 100, mita 200, rudi.

8. Tupa mishipi mitatu, si sita. Boti ndogo mishipi mitatu inatosha, minne kama una mianzi miwili ya kutanua pembeni na raba bendi ya kuachia. Mmoja mfupi, wimbi la pili au la tatu nyuma ya shetri (sehemu ya nyuma ya boti), mmoja wimbi la nne au la tano, wa tatu mbali zaidi katikati. Pweza wa plastiki mwendo wa noti 7 mpaka 9, chuchunge 4 mpaka 6, chambo hai 2 au 3 tu. Huwezi kuchanganya chambo hai na plastiki, mwendo haukubaliani. Pweza akifanya kazi sawa anazama na kuacha mkia wa mapovu kisha anapanda kuvuta pumzi kila baada ya sekunde chache. Akiruka nje ya maji muda wote, mrudishe nyuma au punguza mwendo.

Chambo hai usimchome ndoana mwilini. Pitisha uzi mgumu kwa sindano mbele ya macho yake, sokota kwenye ndoana ikae juu ya kichwa, ncha wazi. Hivo anaogelea muda mrefu na ndoana duara ina nafasi ya kushika.

9. Anapopiga, tulia. Utaona mdomo au pezi nyuma ya chambo, pengine anafuata dakika nzima amewaka buluu ubavuni. Hakuna kupiga kelele, hakuna kusimamisha boti. Kwa pweza wa plastiki mwenye ndoana ya kawaida dragi iko tayari kwenye alama, nahodha anaendelea na mwendo ule ule mpaka mshipi unatoka kwa nguvu, boti yenyewe ndio inayochoma ndoana. Kwa chambo na ndoana duara ni kinyume: mwachie mshipi utoke mlaini, hesabu pole pole mpaka 5 kwa chuchunge, mpaka 10 kwa sehewa, alafu sukuma mkono wa dragi mbele taratibu mpaka kwenye alama. USIVUTE RODI kwa nguvu. Ndoana duara ukiivuta inatoka mdomoni, ukiiacha inateleza yenyewe mpaka pembe ya taya. Waliozoea mshipi wa mkono hapa ndio wanapopata tabu zaidi, mkono unataka kushtua.

Kuhusu mshipi wa mkono wenyewe, manake najua swali linakuja. Wako wazee wanaoshika nduwaro kwa mshipi wa mkono na boya la dumu, sikatai. Wewe unayeanza usijaribu. Kitanzi kimoja kwenye kiganja au kifundo cha mguu na samaki wa kilo 150 anaondoka, hakuna muda wa kusema bismillahi.

10. Sasa kazi ya nahodha. Mishipi mingine yote ndani, haraka, wa lidari ndio anafanya. Nduwaro atakimbia na kuruka, mbio za kwanza mwachie. Akipunguza, nahodha anageuza boti na kumfuata akiwa mbele kwa pembeni, yaani samaki awe upande wa bega la boti, mshipi unatoka kwa pembe, mshika rodi amesimama au amekaa upande huo. Mfuate kwa kasi ya kumruhusu mshika rodi akusanye mshipi bila kulegea. Ndio maana nikasema usukani kwanza: mita 300 zinarudi kwa boti ndani ya dakika chache, kwa mkono ni saa nzima na mtu ameshachoka kabla kazi yenyewe haijaanza.

Angalia sana: usirudi nyuma na shetri kuelekea samaki kama unavyoona kwenye video za boti kubwa. Shetri yetu ni fupi, wimbi moja linaingia, la pili linakuta maji ndani, injini inazima. Na mshipi usipite kamwe chini ya boti. Ukiona unaelekea chini, nahodha asogeze boti mbele mara moja, mshika rodi achomeke ncha ya rodi majini mpaka upite.

Maneno matatu yanatosha kwenye boti: mbele, polepole, simama. Mkubaliane nchi kavu. Mshika rodi ndio anayesema, nahodha ndio anayeamua.

11. Lidari. Samaki akikaribia, wa lidari anavaa glavu na hakuna mtu mwingine anayegusa mshipi. Kama ni mara yako ya kwanza usizungushe lidari mkononi hata mara moja, ishike, vuta, akiondoka iachie. Lidari unayoivuta ianguke majini nyuma yako, isijikunje miguuni ndani ya boti. Nahodha anaendelea kwenda mbele polepole sana, boti ikisimama samaki anapita chini yake. Samaki ambaye hajachoka, bado ana rangi kali na anatupa kichwa, hashikwi. Mwache aende tena. Huu ndio wakati wanaoruka ndani ya boti, na mdomo wake hauna adabu. Uso na tumbo vya wa lidari viwe nje ya mstari wa mdomo muda wote.

12. Mwachie. Mimi naona nduwaro wa mistari asiuawe kabisa, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenyewe inasema wamevuliwa kupita kiasi. Na kuna African Billfish Foundation pale Watamu, wanashughulika na kuwawekea alama na kuwaachia, waulize kuhusu alama na jinsi ya kuziweka. Usimpandishe botini kwa ajili ya picha, uzito wake mwenyewe unamwumiza ndani. Shika mdomo na glavu, kichwa kikiwa majini, kata lidari karibu na ndoana, ndoana yenyewe usihangaike nayo kama imeingia ndani. Kama amechoka, nahodha aende noti 2 huku samaki ameelekea mbele maji yapite mdomoni, mpaka rangi irudi na mkia uanze kusukuma. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, msiwe na haraka. Picha piga hapo hapo akiwa majini, na kama ni mkubwa angalia pezi la kifuani: likikataa kulala ubavuni ni mweusi, likilala angalia pezi la mgongoni, refu kama kina cha mwili wake ni wa mistari, fupi zaidi ni wa buluu.

Ikitokea hivi

*Anapiga, anapiga, hashiki.* Kama ni plastiki, ndoana ni butu au dragi imelegea, chonga ndoana mpaka ikwaruze kucha. Kama ni chambo, unakaza mapema.

*Mshipi unasokotana wote.* Swivo mbaya au chuchunge anazunguka. Badilisha, alafu toa mshipi mtupu nyuma ya boti bila kitu chochote, mita 200, endesha kidogo utajinyoosha wenyewe.

*Amezama chini na hapandi.* Usivutane naye wima, hapo anakushinda na mshika rodi anaumia mgongo. Nahodha asogee mbele polepole mita 50, mpaka 100 hata, huku mshipi ukitoka, upate pembe ya kulala, alafu mshika rodi aanze kukusanya kidogo kidogo. Kama haijasaidia badilisha upande, zunguka. Saa zingine ni ile pembe mpya tu inayomfanya apande.

*Anakuja mbio kuelekea kwenu.* Mbele, moto wote, pembeni yake. Mshika rodi akusanye kadiri anavyoweza, hata mshipi ukilegea kidogo ndoana duara inabaki. Boti kusimama kumwangalia ndio hatari.

*Chambo kinarudi nusu.* Huyo ni nguru. Weka lidari ya waya kwenye mshipi mmoja mfupi, chukua kitoweo, endelea.

*Papa amefika.* Legeza dragi kabisa nduwaro apate kukimbia, au kata. Usishindane kuvuta, utapandisha kichwa kitupu, na mkono wa mtu wa lidari uko hapo hapo majini.

*Injini imezima na samaki yuko kwenye mshipi.* Kata mshipi. Najua inauma. Kisha washa ya akiba, geuza omo kwenye mawimbi, ndio uangalie mafuta na plagi. Ikikataa, nanga haifiki chini kwenye kilindi, kwa hivo toa kamba ndefu na ndoo iliyofungwa omoni ishike maji boti isilale ubavu, na uite chaneli 16 mapema wakati bado ni mchana, sio jioni ukishaona aibu imekwisha.

*Mtu anatapika.* Mkalishe shetri katikati aangalie upeo wa bahari, maji kidogo kidogo, asiingizwe kichwa chini kutafuta vifaa. Akizidi mnarudi, mtu mgonjwa hawezi kushika lidari.

*Saa mbili zimepita na hajakaribia.* Mtazame mshika rodi kwanza, kama mikono inatetemeka na hajibu akiitwa mbadilishe. Kisha angalia kiasi cha mafuta na umbali wa mlango kwenye GPS. Theluthi ya kwanza ikikaribia kwisha, ongezeni dragi kidogo kidogo, mkiingia ya pili, ile ya kurudi, kata.

*Amekufa kwenye mshipi.* Inatokea, hasa akizama na kufia chini. Mpandishe polepole kwa pembe, msivute wima. Akija, fungeni mkia kwa kamba nene kabla ya kitu kingine chochote, na kama ni mkubwa kuliko boti yenu msimwingize ndani, mfungeni ubavuni kichwa mbele mwende taratibu. Toa matumbo na mashavu haraka, jaza barafu ndani na nje, mfunike na gunia lililolowa. Nyama yake ikikaa juani inatengeneza histamini kama jodari, watu wanawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, na histamini haiondoki kwa kupika wala kwa kukausha kwa moshi. Kwa hivo kama hamkubeba barafu ya kutosha, msiipeleke sokoni. Bandarini mpime, mwandikishe kwa BMU.